Ukuta Wangu wa Mitarakwa

Jumatano, 4 Agosti 2021

Nyumba ya magogo ya baba haipo. Ilibomolewa Juni, huko kwetu Kinangop, mwezi aliofariki mama. Mimi nimejua leo, nikiwa Granville, hapa Sydney, napiga dawa vitasa vya ghala la watu. Mke wa Njoroge, ndugu yangu mdogo, kanitumia picha ya kabichi zake. Kabichi safi. Nyuma yake mlima wote unaonekana. Pale hatukuwahi kuuona mlima. Nyumba iliukinga.

Nimemaliza vitasa. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 5 Agosti

Njoroge katuma sauti. "Dada, hiyo kitu ilikuwa imeoza. Wewe uko Sydney unakula kuku, sisi huku tulindie panya nyumba?" Akacheka.

Mti wa mtarakwa hauozi. Baba aliukata mwenyewe kwa shoka, mwaka wa kwanza wa skimu ya kugawiwa mashamba, kabla mtu mwingine hajafika. Magogo tisini na sita, ishirini na manne kila ukuta. Familia nne zililala humo zikijenga zao. Mnara wa simu haukuwapo, barabara haikuwapo, nyumba ilikuwapo.

Mwongo.

Ijumaa, 6 Agosti



Tulikuwa watoto wanne, kila mtoto na ukuta wake. Kabla ya baridi ya Julai tunaziba nyufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Wangu ulikuwa upande wa upepo. Baba anapitisha kiganja taratibu, akihisi baridi inapenya, narudia. Sikupendelewa, na nilijifunza kazi. Kampuni yangu ya usafi nimeijenga kwa kiganja hicho hicho.

Nilipohamia huku Njoroge aliahidi kunizibia ukuta. Hakuziba hata ufa mmoja. Mama, aliyekuwa bado analala humo, ndiye aliyeziba, kila mwaka, juu ya kigoda. Alikuwa akiniambia kwenye simu: "Wako umemaliza udongo wote, mama." Ananiita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

Hakuna aliyeniuliza kama ukuta wangu ubomolewe.

Jumapili, 8 Agosti

Ibada kwa Zoom. Nimezima kamera nikalia.

Mazishi pia niliyaona kwenye simu. Mipaka ilifungwa, sikupewa ruhusa ya kusafiri. Kamera ilikaa kaburini tu, haikugeuka upande wa nyumba hata mara moja. Nilidhani ni heshima.

Mchana nimempigia Mama Shiro, jirani. Alianza kwa hali ya hewa. Akaja kwa bei ya viazi. Nikamwambia, Mama Shiro, sema.

"Mwanangu, mimi si mtu wa maneno. Lakini nyundo nilizisikia kwanza. Kilio kilikuja baadaye."

Mama alifariki kwa kifua. Juni, Kinangop, baridi ile. Kwenye sauti ile ya Alhamisi Njoroge aliniambia walianza kubomoa baada ya matanga.

Sikumuuliza zaidi. 

Jumatatu, 9 Agosti

Lokdauni bado. Mtaa wetu wa St Marys umetulia. Watoto wako kwenye masomo yao, kila mmoja na kompyuta yake. Nimekunywa chai. Nimemwandikia Njoroge, nanakili hapa nisije nikajidanganya kwamba nilisema kwa ukali zaidi:

"Shamba ni lako. Magogo sitayadai, kabichi zako kula. Jambo ni moja. Mlipong'oa bati la kwanza, mama alikuwa amelala chini yake? Nijibu ndiyo au la, usinitumie sauti ya kucheka. Leo, kabla ya saa mbili usiku, saa za kwenu."