Uzi wa Mahindi

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimenakili upya ukurasa wa tatu wa insha yangu ya sayansi. Sukari ya mahindi huchachushwa, mwisho wake ikawa plastiki. Madaktari huifanya nyuzi za kushonea vidonda na parafujo za kushikia mifupa. Mwili huiyeyusha polepole. Hakuna cha kutoa. Ijumaa nitasoma mbele ya darasa. 

Ijumaa, 8 Machi
Sikufika hata nusu. Twalib, mtoto wa ami, tunalala chumba kimoja, alipiga dawati: "Jamani, huyu akikatwa ashonwe kwa sima!" Mwalimu naye alicheka. Nikaketi. Hadi kengele ya mwisho nilikuwa Bwana Sima. Namchukia. Si hasira. Namchukia.

Jumapili, 17 Machi
Twalib kaangukia bati akicheza mpira uwanjani Tononoka. Muundi wazi. Kashonwa nyuzi saba hospitalini. Daktari alisema zisiguswe, zitayeyuka zenyewe. Ami alikuwa kwenye foleni ya dawa. Twalib alikuwa akilia, hakusikia kitu. Nimesikia mimi tu.
Sikumwambia mtu.

Jumatano, 27 Machi
Bibi anasema hospitali imemsahau mjukuu wake. Majirani wanasema uzi ukikaa huoza na mguu. Twalib hali chakula vizuri. Leo kaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, wewe msomaji, hizi zatolewa lini?"
"Sijui. Mimi najua sima tu."
Tamu kuliko halua.

Ijumaa, 29 Machi
Baada ya sala Bibi alimleta ngariba mzee, aliyetutahiri sote. Kwake uzi ni uzi. Nikapewa beseni nishike. Twalib alishika kanzu yangu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Wembe ukakata wa kwanza, wa pili. Wa tatu alipouvuta, kidonda kikafunguka. Damu ikafika kwenye mkeka. Ndipo nikapiga kelele: zayeyuka zenyewe, wacha!
Bibi alinitazama. "Ulijua tangu lini?"
"Tangu siku ile."
Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 31 Machi
Kashonwa tena. Atachechemea wiki kadhaa. Ami alituketisha tupeane mikono. Nikaomba radhi. Twalib alisema, "Yamekwisha, Bwana Sima," akatabasamu kama vile ni jina nililopewa na mama.
Kwake yamekwisha.
Nimekaa dirishani na mkono wangu ungali na joto la mkono wake.