Kioo Kilichokaa Arobaini

Jumanne. Kusi limevuma tangu asubuhi, na vumbi la barabara kuu limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Sina raha, na safari hii sababu yake naijua vizuri.

Namwonea wivu wifi yangu.

Nimelitazama neno hilo kwa muda, nikafikiria kulifuta. Bibi yangu alinifundisha kwamba wivu ni kulinda kilicho chako, na kijicho ni kukodolea cha mwenzio. Ningependa kuamini kwamba wangu ni wivu. Sina hakika.

Mimi na mume wangu, Shabani, tuna gereji ndogo ya vioo vya magari hapa Nangurukuru. Malori hurusha kokoto, kokoto hupasua vioo vya mbele, nasi tunaishi kwa nyufa hizo. Shabani hubandika kioo. Mimi hukaa mezani: humpokea mteja, humpa pole, na kazi ikiisha humweleza namna ya kukitunza kioo kipya. Chuo kikuu nilisomea uhusiano na wateja, na karatasi ya maelekezo niliiandika mwenyewe. Usibamize milango. Acha dirisha wazi kidogo. Usioshe gari. Usibandue tepu hadi kesho yake. Kila neno nililipima. Wateja huikunja karatasi hiyo na kujipepea nayo.

Somoe, mdogo wake Shabani, alikuja kuishi nasi baada ya kumaliza eda ya talaka. Aliwahi kufanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni kule Kilwa Masoko, lakini kwetu alisema atasafisha tu. Kioo kikishabadilishwa, chenga hubaki kila mahali: kwenye mishono ya viti, chini ya zulia, ndani ya matundu ya hewa. Somoe huzifagia, hupitisha kitambaa kibichi, kisha hupitisha mgongo wa mkono wake juu ya kiti, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Muda wote huo anaongea na mwenye gari.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Yeye hasemi kwamba gundi haijakauka. Anasema, "Kioo kimezaliwa leo, kiko arobaini. Ukibamiza mlango utakishtua." Mteja hucheka, kisha hufunga mlango kwa adabu, kana kwamba ndani mna mzazi amelala. Karatasi yangu haijawahi kumfanya mtu yeyote afunge mlango hivyo.

Wiki iliyopita, tukiwa tunakula, Shabani alisema anafikiria kumweka Somoe mezani. Mimi ningeshughulikia oda za vioo, ndani, kwa utulivu. "Watu wanamwulizia yeye," alisema, bila ubaya wowote. Aliniomba nilifikirie.

Sikulifikiria. Nilikuwa nikisubiri Somoe akosee.

Leo nikapata nilichokisubiri. Alikuwa ameenda kuteka maji ilipoingia pikapu ya Mzee Mbonde, mkulima wa Mitole. Kioo chake tulikibadilisha kabla ya mavuno ya ufuta. Nilishangaa kuona tepu tulizozibandika kukishikilia bado zipo, zimekaushwa na joto hadi zimekuwa na rangi ya chai.

"Shikamoo, Mzee. Mbona hukubandua tepu?"

"Marahaba, mwanangu. Ningezibanduaje? Ndiyo kwanza katimiza arobaini. Nimemleta anyolewe."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Alipofika kwake siku ile aliliingiza gari bandani, akalifunika turubai, na hakuligusa tena hadi leo. Ufuta wake umekwenda ghalani kwa bodaboda, gunia baada ya gunia, wanawe wakinung'unika. Nikamwuliza kama hakuisoma karatasi niliyompa.

"Nimeisoma yote. Imesema kesho yake. Nikasema, huyu wa karatasi ana haraka. Yule binti aliyepangusa kiti changu ndiye anayekijua kioo."

Huyu wa karatasi.

Ninaandika kwa uaminifu: nilichohisi kwanza hakikuwa huruma kwa mzee wala kwa ufuta wake. Nilifurahi.

Somoe akarudi na ndoo. Shabani alikuwa karibu, na madereva wawili walikuwa wameketi uani wakisubiri zamu yao. Ningeweza kumwita pembeni. Nafasi ilikuwepo, maana alikuwa ndiyo kwanza anaitua ndoo. Badala yake nilipaza sauti ya kumfikia hata mama ntilie wa ng'ambo ya barabara.

"Somoe, njoo umwone mwanao! Mzee kalifungia gari arobaini nzima kwa maneno yako."

Uani kukalipuka kicheko.

"Na akika mmechinja?" dereva mmoja akauliza.

"Leteni wembe!" Shabani alisema, akacheka hadi akakaa juu ya tairi.

Mzee Mbonde naye akacheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu anayegundua kwamba kinachochekwa ni yeye. "Kumbe ulikuwa mchezo?" aliuliza.

Somoe peke yake hakucheka. Alimsogelea, akapiga goti.

"Nisamehe, Mzee wangu. Arobaini niliisema kwa mazoea ya mdomo, nilikusudia leo na kesho tu. Huo ufuta umebebwa na nini?"

Alipoambiwa, alijiziba mdomo kwa mkono. Kisha akachukua spiriti na kitambaa, akaanza kubandua tepu moja baada ya nyingine na kuusugua ulimbo uliogandia kwenye ukingo wa paa. Ilikuwa kazi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu aliifanya bila kusema neno. Mzee alivuta kigoda akakaa karibu naye. "Mtoto mzima, mama mzima," alikuwa akimwambia, "tatizo liko wapi?" Somoe hakuinua uso.

Wakati wa kuondoka, mzee aliufunga mlango polepole, vilevile kama alivyofundishwa.

Pikapu ilipopotea barabarani, Somoe alinijia akijifuta mikono. "Wifi, mezani kaa wewe. Maneno yangu yana hatari. Mimi chenga zinanitosha." Shabani alisikia. Akarudi kwenye kazi yake. Jambo lililokuwa likijadiliwa tangu wiki iliyopita likaisha hivyo, nami nikawa nimeshinda.

Alasiri alikuja mwalimu mmoja kutoka Mchinga. Nilimpokea vizuri, nikampa pole, na kazi ilipokwisha nikamweleza kila kitu na kumkabidhi karatasi. Alinishukuru sana. Akaingia garini akabamiza mlango hadi Shabani akafumba macho.

Bado naamini kwamba maelekezo yanapaswa kuwa wazi, na kwamba neno lililosemwa ovyo lilimsumbua mzee wa watu. Imani hiyo nadhani ni sahihi. Lakini mzee alifika kwetu akiwa na fahari ya mtu aliyelea vizuri, na akaondoka akijua kwamba amechekwa. Fahari hiyo haikuondolewa na Somoe. Iliondolewa na mimi, kwa maneno yaliyo wazi kabisa.

Nimefikia uamuzi wa kumwachia Somoe meza, na hata huu nao nautilia shaka. Huenda nataka tu kuonekana mwema. Huenda siwezi kukikalia kiti nilichokipata kwa njia hii, na hilo si sawa na kumpenda wifi yangu.

Hata hivyo, kukikucha nitamwomba akae mezani. Ambalo sijaliamua ni mahali pa kumwombea. Nilimwaibisha uani, mbele ya madereva na mbele ya kaka yake. Je, nitamwomba pale pale, kwa sauti ile ile, au nitamnong'oneza jikoni, ambako hakuna atakayenisikia?