Ritifaa ya King'oo

Alhamisi, Agosti 1996. Kitui mjini.

Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya kibodi. Nina hasira na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Madaktari wa macho wanaondoka kesho saa sita mchana. Walikuja hospitalini kwetu wiki moja tu, kutoa mtoto wa jicho, na wenye barua ndio wanaofanyiwa upasuaji. Barua zinatoka kwa kompyuta, na kompyuta ni kazi yangu peke yangu. Wenzangu kazini wananiita Madam Kompyuta, halafu wanaendelea na stori zao. Mwalimu aliyenifundisha Unix yuko Nairobi, na simu yake haishikwi.

Skripti yangu, programu fupi niliyoandika, huchukua orodha ya wagonjwa na kugeuza kila mstari kuwa amri: barua, jina, mahali. Kisha shell, ile programu ya kutekeleza amri, inazisoma zote. Mwanzoni kijiji cha Kwa Vonza kilinisumbua, maana shell ikiona nafasi inadhani neno limeisha. Watu wakawa wanakaa "Kwa", basi. Nikafunga kila jina na kila mahali ndani ya alama za mtajo, zile za mkwaju mmoja. Nikajaribu na jina langu, ikakubali, nikaenda kunywa chai peke yangu nikijipongeza.

Jina langu halina ritifaa.

Ruth King'oo anayo, na kwa kompyuta ni mkwaju uleule. Shell ilipofika kwenye ile ng' ikadhani alama imefungwa. Tangu hapo ya ndani yakawa nje, ya nje yakawa ndani, hata mwisho wa mstari haikuuona. Watu kumi na mmoja waliofuata wakamezwa na amri moja. Wa mwisho wao alikuwa Ng'ola, na ritifaa yake ikanyoosha mambo tena. Shell haikulalamika hata kidogo.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia.

Niliona. Barua ya Ruth ilitoka imeandikwa "Ruth Kingoo Kwa, wa Vonza barua Mary". Nilicheka! Nikasema printa imechoka, nikakata kwa biro, nikaandika vizuri juu yake, nikaitia kwenye bahasha. Mary ni nani, sikujiuliza.

Jumatatu alikuja mwenyewe. Mary Nzilani, mama mzee wa Kwa Vonza, macho yote mawili yameziba, ameshikwa mkono na jirani. Alikuwa amesikia kanisani kwamba wenzake wamepata barua. Nikapekua nakala za barua, si orodha, nikamwambia, kama ninavyomwita nyanya yangu, "Susu, hauko." Akasema asante, akaenda.

Leo asubuhi daktari aliuliza mbona vitanda vingine viko wazi. Hapo ndipo nililinganisha orodha na nakala, nikahesabu watu kumi na mmoja wasio na barua. Nilimweleza matron, mkuu wa wauguzi. Hakuelewa habari ya ritifaa, lakini alisema, "Chukua gari la hospitali, uende sasa hivi."

Kumi tumewapata. Wako wodini.

Mary tulimkuta mlangoni kwake akichambua ndengu kwa vidole. Nilisalimia tu, akasema, "Sauti hiyo naijua. Wewe ndio uliniambia siko." Nikaanza: kompyuta imekosea, alama, nini na nini. Akaendelea na ndengu zake.

"Sasa kama mimi siko, umekuja kuchukua nani?"

Nikamsihi aingie garini, akakataa. Dereva akaniambia nimwache, tukarudi.

Skripti nimeirekebisha. Haitungi tena amri za kusomwa upya. Inasoma mstari mmoja mmoja na kukabidhi jina lilivyo, "$jina", ndani ya alama za mikwaju miwili, liwe na nafasi au ritifaa. Nimeijaribu na King'oo, na Ng'ola, na Kwa Vonza. Ilinichukua nusu saa. Nusu saa! Nimelia hapa ofisini na hakuna aliyegonga mlango.

Kinachoniuma ni kwamba hata leo nilisingizia kompyuta.

Dereva amekubali tutoke saa kumi na moja alfajiri. Mary akikataa tena, macho yake yatabaki hivyo, na nitajua ni nani aliyeyaacha hivyo. Lakini safari hii simwelezi habari ya shell. Nitakaa chini, hapo kwenye ndengu, nimwambie: Susu, jina lako lilitoka. Mimi ndiye niliyelikata kwa biro.