Mama Alikuwa Anasikia

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifunza kumwamkia mkubwa hata nikiwa na hasira naye, na hasira ninayo. Tulikuzika kijijini Buswahili, watu wakasimama mmoja baada ya mwingine kukusifu. Nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Mwisenge, ile miaka ya foleni, sabuni hakuna, betri hakuna? Ulikuwaga unawaambia wageni, "Mimi nimeoa redio isiyotumia betri." Mama anacheka, halafu anaendelea na maneno yake. Nilikupenda kwa utani ule. Ulipenda sauti yake, nami niliona.

Asubuhi ile alikuwa anapara samaki, sato, uani, akaanguka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Ulimbeba mgongoni mpaka barabarani huku unalia; hilo sikunyimi. Hospitali, daktari alitukalisha kwenye benchi, mimi na wewe, akatueleza kwamba ni kiharusi, damu haikufika upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakotengenezwa. "Akili yake ipo," akasema. "Anawaelewa. Anachoshindwa ni kulitoa neno. Msimseme mbele yake."

Ukaitikia, "Nimeelewa, daktari."

Ulielewa nini, baba?

Kila alichotaka kusema kilitoka neno moja tu: "Jumapili." Akitaka maji, Jumapili. Akitaka kwenda chooni, Jumapili. Mwenyewe alijisikia akikosea. Alijipiga paja kwa ule mkono mzima, machozi yakimtoka. Nawe ukakaa na ndugu zako sebuleni, yeye yupo palepale kwenye mkeka, ukasema, "Huyu ameshakuwa mtoto. Kichwa kimeisha. Nitafutieni mtu wa kunipikia." Nilimtazama mama. Aligeukia ukutani.

Kisha wakaja akina mama wa kwaya. Wakaanza wimbo wa kanisani, na mama akaimba nao ubeti mzima, maneno yote safi, mpaka mmoja wao akashindwa kuendelea kwa kulia. Nilikimbia kukuita. Nilidhani utafurahi! Ukasimama mlangoni, ukasikiliza, ukasema, "Kumbe anaweza. Siku zote hizi ananichezea."

Haikupita wiki ukahamia Bunda. Kiwanda ulichokuwa unafanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu, nawe ukiwemo, mitumba imeanza kuingia, ukasema unafuata biashara. Biashara yenyewe ilikuwa na mke ndani yake.

Nilisomea uuguzi, nikajua. Wimbo hautegemei upande mmoja tu wa ubongo. Upande ule uliosalimika unaweza kuushika, na maneno mtu aliyoyaimba tangu utoto yakatoka pamoja nao, hata kama kusema kumemshinda. Hakukuchezea. Tena ubongo hujifunza upya ukifundishwa kwa subira. Tulianza na "naomba maji" kwa kuimba, tukapunguza wimbo kidogo kidogo mpaka likabaki neno. Ilichukua miaka, na nilikuwa peke yangu. Wewe mwenye sauti nzuri ya kuimba ulikuwa unauza makoti Bunda.

Ulikuja mara moja tu, na kofia mpya na sukari. Ukakaa mbele yake, ukaniuliza mimi, "Anakulaga vizuri? Analalaga?"

Kabla sijajibu, mama akavuta neno, akalivuta la pili: "Niulize... mimi."

Hukumuuliza. Ulitazama chini, ukaaga.

Nimejaribu kukutafutia udhuru. Kazi imekwisha, nyumba ina mgonjwa, uliogopa. Lakini uliambiwa, baba. Nilikuwepo ukiambiwa.

Nilipompelekea mama habari ya kifo chako alinishika mkono. Halafu akasema, polepole, "Aliumwa sana? Nani... alikuwa naye?"

Yeye aliuliza.

Amekusamehe, ameniambia kwa mdomo wake. Mimi bado. Lala ukilijua hilo.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza