Shemeji Anataka Kung'oa Bushi za Marehemu

Bi Mwanaasha, mshauri wetu,

Baada ya salamu nyingi za huku Wete, naomba unisaidie na naomba usinicheke mbele ya wasomaji wako, maana hapa nyumbani nimeshachekwa vya kutosha, hata mwanangu Siti, ambaye harusi yake ni baada ya Idi Kubwa, ananiambia, "Mama, kama gari haitengenezwi, mie n'takwenda kwa n'me wangu kwa baiskeli," nami nacheka naye halafu naingia chumbani nalia.

Bi Mwanaasha, jambo lenyewe ni la gari. Marehemu mume wangu, Nyange, alikuwa na gari nyeusi ya abiria akiiendesha baina ya Wete na Tumbe, na siku nyingine Gando, gari hiyo ndiyo iliyotulisha, na mtaa mzima ulikuwa ukiijua kwa mlio wake, kwa sababu springi za nyuma zilikuwa zikilia ng'wii, ng'wii kila ikipita shimo, basi jioni nikiwa jikoni nasikia ng'wii pale kwenye kona ya msikiti, naweka kahawa motoni, na jirani yangu Mwanapili anapiga kelele ukutani, "Mwatum, n'meo huyo keshakuja, jifukize!" na kahawa ikianza kuchemka Nyange anaingia, kanzu inanuka karafuu, maana msimu wote barabara ilikuwa imetandikwa majamvi ya karafuu pande zote mbili, na yeye hakuwahi kukanyaga jamvi la mtu, hata akichelewa alikuwa akishuka, anasema, "Bi, niruhusu nipite," nao wanamkunjia pembe.

Mlio ule ulianza hivi. Mwaka wa msimu mkubwa bushi za springi zilikwisha, nazo ni vile vipande vya mpira vinavyokaa ndani ya jicho la springi ili chuma kisisagane na chuma, na mpira mpya haukupatikana Pemba nzima, basi Nyange akachukua gogo la mkarafuu, akakaa uani akachonga bushi za mbao kwa kisu na tupa, akazipika katika mafuta ya nazi ndani ya sufuria yangu ya wali, tukagombana kweli kweli kwa sufuria ile, naye anacheka, anasema, "Nke wangu, hizi za kushikizia tu, mpira ukija n'tazitoa, na sufuria n'takununulia mpya." Mimi ndiye niliyeshika spana upande wa pili alipokuwa akikaza nati, mikono imejaa mafuta, tunaimba. Homa ikamchukua kabla mpira haujaja.

Nilipotoka eda shemeji yangu Hamad, mdogo wake marehemu, akaanza kuiendesha yeye, mtu mwema, hana neno, kila jioni anairudisha gari nyumbani, na kila jioni, Bi Mwanaasha, nasikia ng'wii pale kwenye kona na mkono wangu unakwenda kwenye birika wenyewe kabla sijakumbuka, na ule muda mdogo kabla sijakumbuka ndio kitu pekee nilichobaki nacho cha mume wangu.

Sasa Hamad kaingia chini ya gari, katoka uso umembadilika, anasema bushi moja imepasuka na nyingine zimelika, na gari mbele inakwenda njia yake na nyuma njia yake, na juzi kwenye mteremko, kwa mvua hizi za masika, nyuma ilimtupa akaponea chupuchupu kuingia mtaroni na abiria ndani. Mpira aliuagiza Unguja na umekuja, na anataka kuzing'oa zile za mbao hapa hapa uani kama alivyofanya kaka yake. Ameniambia, "Shemeji, mie siku ya harusi sintii ntu ndani ya gari hino, seuze ntoto wa kaka yangu." Mpira wenyewe alinipa mimi niuweke, nami nikafanya kama nilivyomuona marehemu, nikautia ndani ya kopo la mafuta ya nazi, uvunguni mwa kitanda, usikauke, na kila Hamad akiuliza namwambia kesho, leo nina wageni, kesho kutwa, leo uani nimeanika nguo.

Bi Mwanaasha, sitaki mwanangu apate dhara, Mungu apishe mbali, lakini bushi zile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya mume wangu, na zikitoka gari itanyamaza, na ikinyamaza, mie jioni nitasikia nini? Je, si bora Siti achukuliwe kwa gari ya kukodi na hii iachwe ilivyo? Niambie, nitakalolisoma kwako ndilo nitakalolifanya.

Ni mimi,
Mwatum, Wete, Pemba


Bi Mwatum,

Pole, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa machozi na ya pili kwa hasira, na jibu langu lina yote mawili.

Mimi nimezaliwa Fundo. Nilipovushwa bahari kwenda Wete kuolewa, pale gatini nilipakiwa kwenye lori la karafuu, nikakaa juu ya magunia na buibui langu jipya, na mpaka leo mtu akifungua gunia la karafuu hapa Unguja mimi nageuka bibi harusi pale pale. Kwa hivyo usidhani sikuelewi. Pemba ile tuliyokuwa tukiijua kwa milio na harufu nina hamu nayo mno.

Lakini sikiliza. Mlio ule si mume wako. Ni mbao iliyokwisha inalia kwenye chuma. Nyange mwenyewe alikwambia ni za kushikizia, mpira ukija atazitoa. Haya, mpira umekuja. Hapo nyumbani nani anayemsikiliza marehemu, Hamad au wewe? Kazi yake ilikatishwa na homa, mdogo wake amekuja kuimaliza, nawe umemzibia njia kwa nguo za kuanika!

Na hilo la kumkodia Siti gari nyingine, hii ikaachwa ilivyo, limenikera zaidi. Kwani wale abiria wa Tumbe hawana mama zao? Mtu aliyekuwa akishuka garini kwa kuogopa kukanyaga jamvi la jirani, leo gari yake imtupe mtu mtaroni na jina lake litajwe hapo? Humtendei haki. Ukimaliza kusoma hapa, mwambie Hamad aiegeshe. Isitoke tena mpaka itengenezwe, hata kwa mwendo wa kobe.

Sasa tuje kwenye kopo lako. Nilimsomea barua kaka yangu Abrahman, ambaye hutengeneza magari uani kwake, na alipofika hapo akashika kichwa. Mbao inapenda mafuta, ndiyo maana mume wako alizipika. Mpira mafuta yanauua. Unavimba, unalainika, unakwisha kabla ya kufanya kazi. Sijui ulifanya kwa kutojua au moyo wako ulikuwa na ujanja wake, nalo sitakuuliza. Utoe leo. Ukibonyea kama andazi, utupe, umwambie Hamad ukweli aagize mwingine, hata akikununia. Ukiwa bado mgumu, uoshe kwa sabuni, ukauke kivulini, na siku ya kuutia apake povu la sabuni tu ili uteleze. Na kabla hajaingia chini, gari iwekewe magogo mazito na magurudumu ya mbele yazuiliwe kwa mawe. Asiiamini jeki peke yake. Msiba mmoja unatosha katika nyumba hiyo.

Bushi za mbao zikitoka, zipokee wewe, ni zako. Ziweke sandukuni na kanzu zake, zilaze chini ya mto, hapo sina neno, na atakayekucheka mlete kwangu. Unauliza jioni utasikia nini. Mwanzoni hutasikia kitu, Bi Mwatum, sikudanganyi. Gari itafika mlangoni kimya, utashtuka, na itauma. Kahawa weka hivyo hivyo. Hamad naye kafiwa na ndugu yake, na barua yako nzima sijaona alipopewa kikombe.

Limebaki moja, na hili Abrahman amelirudia mpaka nikachoka. Nati zisikazwe gari ikiwa bado juu ya magogo. Mpira ukikazwa springi zikiwa zinaning'inia, gari ikishushwa unajisokota na kuchanika. Ishushwe kwanza, isimame kwa magurudumu yake, ibebe uzito wa watu, ndipo akaze.

Watu wenyewe wawe nyinyi. Nimeipekua barua yako yote, sikuona mahali uliposema umepanda gari hiyo tangu marehemu alipofariki. Basi panda. Kabla Siti hajawekwa ndani kungoja harusi, ingieni garini, wewe na yeye, mkae kiti cha nyuma hapo hapo uani, na Hamad awe chini na spana yake. Mila unaijua, siku ya harusi mama hafuatani na bibi harusi. Ataondoka na somo yake aliyemfunda na mashangazi, wewe utabaki mlangoni, na njia nzima atakayopita gari haitamwambia kitu. Kwa hivyo mwambie wewe sasa, baba yake alikuwa mtu gani. Hamad akikaza nati ya mwisho na akatoka chini, msishuke mpaka umemaliza.

Bi Mwanaasha