Hana Mwenye Ndevu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujasonga mbele, maana najua unasoma kwa sauti naye yuko jikoni anajifanya hasikilizi. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama kuchomelea mageti ya watu, au umewaachia mafundi wako kuinama kama daktari alivyoagiza? Mimi ni mzima. Nilishikwa na mafua, yamekwisha, ila yamenigombanisha na mwenzangu wa chumbani aliyesema simwachi alale. Huyu dada alikuwa wakili kabla ya kuja chuoni, na mpaka leo ukimwambia chai imepoa anataka ushahidi.

Tulipoongea kwenye simu uliniuliza tunafundishwa nini hasa huku, ukasema umesikia kwamba vyuo vya siku hizi vinawafundisha watoto kuikosoa Biblia. Mara simu ikakatika, ikawa kama nimekwepa. Sikukwepa, Baba. Swali lenyewe ni refu, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Tuna mwalimu wa Agano la Kale, mzee mfupi mwenye suruali inayoshikiliwa na kanda mbili za mabegani. Wanafunzi wanamwita Mzee Kwani, kwa sababu ukisema jambo lolote juu ya andiko, yeye anainua kichwa taratibu na kuuliza, "Kwani imeandikwa wapi?" Anauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia njia, na ndipo unapojikuta unafunua kurasa mbele na nyuma. Darasani kwake wiki za mwanzo ni marufuku kusema "maana yake ni." Unaruhusiwa kusema kilichoandikwa tu. Atakayeteleza anapelekwa kusimama dirishani mpaka mwenzake ateleze amwokoe. Siku ya kwanza dirisha lilijaa wahubiri mpaka chumba kikaingia giza.

Muhula huu ametupa hadithi ya Hana, yule tasa aliyeweka nadhiri, akampata Samweli na kumtoa kwa Bwana. Najua hapo umetabasamu. Nilipowaambia wenzangu kwamba baba yangu anajiita Hana mwenye ndevu, walicheka sana, nikawasimulia kisa chote: jinsi watoto wawili walivyotangulia mbele za haki kabla yangu, jinsi Mama alivyokaa leba mpaka wakunga wakaanza kunong'onezana, na wewe ukiwa koridoni ukamwambia Mungu kwamba mtoto akitoka hai, awe wa kike awe wa kiume, ni wake wa madhabahuni. Kanisani kwetu nimeitwa Mtoto wa Nadhiri tangu sijaota meno. Darasa zima likaniona kama mtu aliyetokea ndani ya kitabu.

Sasa sikiliza tunavyosoma. Mzee Kwani ametugawa kwa meza. Meza moja inalinganisha nakala za kale. Hao walirudi na habari kwamba nakala za Kiebrania tulizozizoea zinasema Hana alikwenda hekaluni na ng'ombe watatu, lakini tafsiri ya kale ya Kiyunani, na gombo moja la zamani lililoraruka, vinasema ng'ombe mmoja wa miaka mitatu. Na ukisoma mstari unaofuata, anayechinjwa ni mmoja! Nikakukumbuka wewe, maana ungeuliza hapohapo wale wawili waliishia kwa nani. Inawezekana mnakili mmoja, amechoka, macho yamemzidi, aliandika visivyo, na wengine wakamfuata kwa heshima. Kabla ya hapo sikuwahi kuwafikiria wanakili kama watu wenye macho ya kuchoka. Nilidhani Biblia ilishuka ikiwa imeshafungwa jalada.

Meza ya pili inauliza nani aliandika, lini, na kwa ajili ya nani. Hao walinikera. Walisema wimbo wa Hana unamtaja mfalme, na wakati ule Israeli haikuwa na mfalme. Tena unasema aliyekuwa tasa amezaa saba, na Hana ana mmoja tu mkononi. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaona huenda ulikuwa wimbo unaoimbwa na watu, msimuliaji akauweka kinywani mwa Hana kwa sababu ulimfaa. Nilisimama nikasema basi Hana ametungiwa furaha. Mzee Kwani akaniuliza kama nimewahi kuimba msibani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama wimbo niliutunga mimi. Nikasema hapana. Akauliza kama machozi yangu yalikuwa ya uongo. Nilikaa chini, na tangu siku hiyo wimbo ule naupenda mara mbili.

Mimi niko meza ya tatu, ya wanaotazama hadithi inavyosimuliwa: nani anapewa maneno, nani ananyimwa. Hapo ndipo yaliponikuta. Nilipewa zamu ya kueleza Samweli alivyolipokea jambo la kuachwa hekaluni. Nikasema kwa kujiamini, bila hata kutazama kitabu, kwamba mtoto alimwachia mama yake mkono, akamkimbilia kuhani Eli huku akirukaruka, akasema yuko tayari. Mzee Kwani akainua kichwa. "Kwani imeandikwa wapi?"

Baba, nilitafuta. Nilisoma sura ya kwanza, nikasoma ya pili, nikarudi ya kwanza. Wenzangu walinisaidia kufunua kurasa kwa adabu, jambo linaloumiza kuliko kicheko. Haimo. Mtoto hasemi neno. Haambiwi, haulizwi, na mbio zile hazipo. Zimo kwenye mahubiri yako. Nimezisikia kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa ilipofika, wewe umesimama mbele ya kanisa na mimi nimevaa gauni jipya, mpaka nikazichukulia kuwa Maandiko. Nilikwenda dirishani mwenyewe, sikungoja kutumwa.

Usidhani nilikasirika. Niliwashwa na udadisi kama mtu mwenye upele. Kama nimeishi na mstari usiokuwepo nikiapa kwamba upo, ni nini kingine nimekipokea hivyo? Yule wakili wangu akasema, akiwa amelala kitandani miguu juu ya ukuta, kwamba hata kisa changu cha korido nina shahidi mmoja tu, naye ndiye mwenye kesi. Nilimrushia mto. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Nikampigia Mama. Mama, kama unasikiliza hapo jikoni, nisamehe kwa kutangaza. Alinijibu kwamba yeye alikuwa leba, mwenye korido ni Baba, nimuulize mwenye korido. Halafu akabadilisha mazungumzo, tukaongelea bei ya sabuni.

Kuanzia hapa, Baba, soma kimya.

Unajua Shangazi alikuja mjini kutibiwa macho. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Tulikaa kwenye benchi, yeye jicho moja limezibwa, amenishika mkono, na kwa kuwa muda ulikuwa mrefu nikamwomba anisimulie siku niliyozaliwa, maana alikuwa nawe na chupa ya chai. Akasimulia vizuri sana, mpaka na viatu ulivyovaa. Alipofika kwenye nadhiri alisema uliegemeza paji la uso ukutani, ukalia, ukasema Bwana akikuachia mke na mtoto wote hai, utaifunga karakana na kumtumikia yeye mpaka kufa. Nikamwambia Shangazi amechanganya, aliyetolewa ni mimi. Akanigeukia na lile jicho zima, akasema yeye ni kipofu nusu lakini masikio hayajazibwa.

Anasema siku ya ubatizo wangu ulisimama kushuhudia, ukaanza kwamba uliahidi, ukasita, ukanitazama mikononi mwa Mama, ukasema huyu ni wa Bwana. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Yeye akaona afunike kombe mwanaharamu apite. Mwaka uliofuata ukasimulia hivyohivyo, na uliofuata, mpaka korido nayo ikabadilika ikafanana na ubatizo.

Sikumwamini upesi. Mzee Kwani anatuonya kwamba andiko linalokupendeza haraka ulisome tena ukiwa umekasirika. Na hili lilinipendeza mno, linanifaa mno, kwa sababu nitakayokueleza hivi punde. Kwa hiyo nililisoma nikiwa nimekasirika. Nikajiambia Shangazi amezeeka. Nikajiambia ana utani nawe tangu utotoni. Lakini pia tumefundishwa kwamba simulizi ikizidi kusimuliwa hulainika, na kwamba mtu hujitungia kwa urahisi maneno ya kumpa sifa kuliko ya kumpa deni. Napima, Baba. Bado napima. Kati ya sisi wote, aliyekuwepo na aliyesema ni wewe peke yako.

Sasa jambo lenyewe. Nimemwomba mkuu wa chuo aniondoe kwenye orodha ya watakaowekewa mikono. Amekubali. Sitakuwa mchungaji. Nataka kubaki nijifunze lugha za kale, nikae na zile nakala na wale wanakili waliochoka, na pengine siku moja niwasaidie wanaotafsiri. Niliamua kabla ya kliniki, kabla ya Shangazi kufungua mdomo. Nisingependa udhani nimetafuta kisingizio halafu nikakiita elimu. Imani sijaiacha. Nasali kuliko zamani, ila siku hizi nikisali nauliza zaidi kuliko ninavyoomba.

Naogopa kukuandikia haya. Najua umeshashonesha suti ya siku ya kuwekewa kwangu mikono. Na najua unachokiogopa wewe, ingawa hujawahi kukisema. Kila nilipougua utotoni ulipiga magoti pembeni ya kitanda changu ukimkumbusha Mungu kwamba mimi ni wake, kama mtu anayeogopa kitu alichoazima kisije kikadaiwa. Nilikuwa nakusikia. Nakuomba usiogope tena kwa ajili yangu. Niko hai, nakula, nanenepa hata.

Nimekaa na Samweli muhula mzima. Alipopelekwa hekaluni hakuulizwa, hilo ni kweli. Lakini mbele kidogo, akiwa kijana, anaitwa yeye, kwa jina lake, na hata Eli hawezi kuitika kwa niaba yake. Inaelekea nadhiri ya Hana haikutosha, ilibidi mtoto aitwe upya. Mzee Kwani aliposikia nikisema hivyo aliniuliza imeandikwa wapi, nikamwonyesha kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Nami nimesikiliza kwa muda mrefu, Baba. Ninachoitiwa ni hiki nilichokueleza.

Nina ombi moja tu. Niandikie maneno uliyoyasema pale ukutani, kama yalivyotoka, usiyapambe. Kama ulinitoa mimi, niambie, nitakuja nyumbani tupige magoti wote wawili, uniachilie mbele zake, nami nitakushukuru maisha yangu yote kwa kunipenda hivyo. Kama ulijitoa wewe, basi ujue chuo hiki kinapokea watu wa umri wako. Darasani kwetu yumo babu mwenye wajukuu, anasinzia mchana lakini anafaulu. Mageti mafundi watachomelea. Miaka yote hii umekuwa ukinisukuma mimi mbele ya madhabahu, Baba, na huenda anayesubiriwa pale ni wewe.

Mpe Mama busu la shavuni hata akikufukuza, uwasalimie mafundi, na Shangazi umsalimie bila kumgombeza, maana jicho lake halijapona. Mimi nakupenda leo kama jana.

Ni mimi binti yako, ninayengoja jibu lako.