Bangili Ndani ya Amplifaya

Mwenzangu, nimenaswa. Nakuandikia kwenye simu kwa mkono wa kushoto.

Ile amplifaya ya gitaa niliyomtengenezea binti yangu, leo nilikuwa natoa valvu ndogo, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, niweke kubwa. Nikaiwasha bila valvu nipime umeme wa soketi mpya za valvu, nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikaingiza mkono. Bangili ikanasa kwenye soketi.

Bila valvu hakuna kinachomaliza chaji! Kapasita, zinazohifadhi umeme hata ukizima, bado zimejaa, na kati yake na vidole vyangu kuna unene wa njiti ya kiberiti tu. Mimi, na diploma yangu ya umeme!

Mume wangu kaja mbio. "Nikuvute?"

"Ukinivuta utabaki mgane."

"Si nilikuambia uvue bangili?"

"Mume wangu, si wakati wake!"

Unamjua, huyu mtu huogopa hata kubadilisha balbu. Sasa ndiye wa kuniokoa. Nimemwelekeza: shika rizista ya kumaliza chaji kwa mpini wake wa plastiki, gusisha hapa na hapa, subiri, kisha pima. Jasho lake linanidondokea shingoni.

"Sifuri!" kapiga kelele. "Sifuri, mke wangu! Toa mkono!"

Nusura nitoe. Nusura! Nikageuza shingo nikitazame kipima umeme. Waya wake mmoja unaning'inia hewani, haujagusa kitu.

Nimemwambia aanze upya. Ananiuliza aanzie wapi.

Njoo wewe, tulisoma umeme pamoja. Mlango uko wazi.